The Last Jedi: mashabiki wanagombania mengi ambayo hayamo kwenye filamu

Tangu Desemba 2017, mashabiki wa Star Wars hawajaacha kubishana kuhusu The Last Jedi, filamu ya 8 katika mfululizo mkuu, iliyoandikwa na kuongozwa na Rian Johnson. Mimi naipenda sana, na sina ugomvi na anayeichukia. Kinachonikera ni kuona ubishi mwingi ukisimama juu ya mambo ambayo filamu haikuyaonyesha kabisa, au iliyaonyesha kinyume na yanavyosimuliwa. Zipo hoja nzito dhidi ya filamu hii, nazo zinafunikwa na hoja hizi dhaifu.

Dhana: Luke alijaribu kumuua mpwa wake akiwa usingizini

Hii ndiyo inayorudiwa kuliko zote, na chanzo chake ni kwamba kisa cha usiku ambao Luke Skywalker, shujaa wa filamu za zamani, alivunjana na mpwa na mwanafunzi wake Ben Solo kinasimuliwa mara tatu.

Mara ya kwanza, Luke anamwambia Rey, msichana aliyemfuata kisiwani anakojificha, kwamba alikwenda kuzungumza na Ben, Ben akamgeuka. Hasemi lolote kuhusu upanga wake mwenyewe. Mara ya pili msimuliaji ni Kylo Ren, jina alilolichukua Ben baada ya kuasi: anafumbua macho na kumwona mjomba wake amesimama juu yake, upanga wake wa mwanga wa kijani umewashwa, uso umejaa ukatili, na pigo linashuka. Picha hii ndiyo iliyobaki vichwani mwa watu wengi. Lakini baada ya Rey kumbana Luke kisawasawa, inakuja simulizi ya tatu. Luke anakiri kwamba alichungulia ndani ya akili ya kijana yule, akaona maangamizi ya kila anachokipenda, na kwa sekunde chache mkono ukawasha upanga kabla ya moyo kuamua. Wazo lile likapita. Akabaki na aibu, na mbele yake macho ya mtoto aliyejawa na hofu. Upanga hakuushusha.

Kwa hiyo wanaosema “alitaka kumuua” wanamnukuu Kylo, mtu mwenye kila sababu ya kukumbuka hivyo. Wanaosema “hakufanya kitu” nao wanaishia kwenye simulizi ya kwanza, ambayo Luke mwenyewe anakuja kuikana.

Wengine huongeza kwamba mtu aliyeona wema ndani ya Darth Vader, baba yake aliyegeuka mwovu, asingeweza kabisa kuwasha upanga mbele ya mpwa wake. Hebu irudie filamu ya 1983. Vader anapotishia kumgeukia Leia, dada yake Luke, Luke anachomoka mafichoni akiwa amepandwa na hasira, anamshindilia baba yake mapigo mpaka anamkata mkono. Ndipo anapoutazama mkono wake wa bandia na kuutupa upanga. Ushindi wake siku ile ulikuwa kusimama akiwa ameshafika ukingoni. Hofu ya kupoteza anaowapenda ndiyo udhaifu wake wa siku zote, na Johnson aliugusa palepale.

Hoja ya haki ninayoikubali ni nyingine. Hatuonyeshwi miaka ambayo Luke na Ben waliishi kama mwalimu na mwanafunzi. Tunapewa usiku mmoja tu, tena kwa vipande, na kutakiwa kuamini kwamba uhusiano mzima ulivunjika pale. Mtazamaji aliyengoja miaka zaidi ya 30 kumwona Luke tena ana haki ya kusema hakutoshelezwa.

Dhana: Johnson ndiye aliyemfanya Luke atoroke

Filamu ya 2015, ambayo J.J. Abrams aliiongoza, inaanza kwa kutangaza kwamba Luke ametoweka. Han Solo anaeleza sababu humo humo: mwanafunzi mmoja aliasi na kuharibu kila kitu, Luke akajilaumu, akaondoka. Johnson alikabidhiwa mtu aliyekwisha kukimbia, ambaye dada yake yuko vitani na rafiki yake Han ameuawa, na bado hajatokea. Ilibidi atafute sababu inayoweza kumweka kisiwani mtu wa aina ile. Na si jambo geni katika hadithi hii: walimu wake wawili walifanya vivyo hivyo, Obi-Wan alijificha jangwani Tatooine, Yoda kwenye kinamasi cha Dagobah, wote baada ya kushindwa vibaya.

Kilicho cha Johnson mwenyewe ni Luke asiyetaka kurudi, aliyejikata na Nguvu, ile nishati inayowapa Jedi uwezo wao, anayepokea upanga wa baba yake na kuutupa nyuma ya bega. Mark Hamill, aliyemwigiza, hakukubaliana na uamuzi huo na alimwambia mwongozaji waziwazi. Baadaye alisema anajuta kuyatoa mashaka yake hadharani. Wanaoichukia filamu hunukuu sehemu ya kwanza tu, wanaoipenda ile ya pili. Yote mawili aliyasema.

Dhana: Luke alikufa kizembe, bila hata kupigana

Katika pambano la Luke na Kylo kwenye sayari ya Crait filamu inatupa dalili moja baada ya nyingine. Ardhi yake ni chumvi nyeupe juu ya udongo mwekundu, na kila hatua ya Kylo inaacha alama nyekundu. Ya Luke haiachi kitu. Ndevu na nywele zake ni nyeusi kuliko tulivyomwona kisiwani. Ameshika upanga wa buluu, ule ule ambao Rey na Kylo waliung'ang'ania muda mfupi kabla mpaka ukapasuka vipande viwili. Hakuwepo pale. Mwili wake ulikuwa kule kisiwani, sayari ya Ahch-To, umekaa juu ya mwamba.

Na gharama yake ilitajwa mapema. Kylo na Rey wanapojikuta wanaonana ingawa wako mbali, Kylo anamwambia Rey kwamba si Rey anayefanya hivyo, kwa sababu juhudi hiyo ingemuua. Sentensi hiyo inapita haraka, wengi hawaikamati. Luke alifanya jambo kubwa kuliko hilo: alijionyesha mbele ya jeshi zima, akavuta moto wote wa mizinga upande wake, akawapa waliobaki nafasi ya kutoka kwa upande wa nyuma wa pango. Hakumgusa mtu. Kwa waliozoea kwamba steringi lazima ashushe kipigo ndipo aitwe steringi, naelewa kwa nini iliwauma. Kwangu, hakuna tukio linalomfaa zaidi mtu aliyeshinda mwaka 1983 kwa kuitupa silaha yake.

Dhana: Ukiondoa safari ya Canto Bight, hadithi haibadiliki

Inabadilika, tena vibaya mno. Poe Dameron, rubani wa waasi wanaoongozwa na Leia, ametoka kushushwa cheo, kutoka kamanda hadi kapteni, kwa kukaidi amri ya Leia ya kurudi nyuma. Ukaidi ule ulimaliza ndege zao zote za mabomu, na katika ndege moja alikuwamo Paige, dada yake Rose, fundi wa waasi. Makamu Admirali Holdo, anayeongoza meli yao Raddus, anakataa kumwambia Poe mpango wake. Poe anawatuma Finn, askari aliyewaasi maadui, na Rose kwa siri hadi Canto Bight, mji wa kamari, wakatafute mdukuzi, nao wanarudi na DJ, mdukuzi waliyekutana naye gerezani. Kisha Poe anamweleza Finn kwa mawasiliano kwamba Holdo anawapakia watu kwenye vyombo vidogo, na DJ yuko karibu akisikiliza. Walipokamatwa, akaiuza siri ile. Vyombo 30 vikaanza kulipuliwa kimoja baada ya kingine, hadi Holdo alipoigeuza Raddus na kuipasua meli ya Snoke, kiongozi wa maadui, kwa kasi ya mwanga.

Kwa hiyo safari ile ndiyo iliyowaua karibu watu wote wa Leia. Unaweza kusema ni ndefu na kwamba hotuba zake zimezidi, nami nitakuunga mkono. Kusema haina matokeo ni kutoitazama filamu.

Ubishi wa Holdo na Poe unastahili kuendelea, kwa sababu pande zote mbili zina makosa. Holdo hakuwa na wajibu wa kumweleza afisa aliyetoka kuadhibiwa, lakini aliendesha meli iliyojaa hofu kiasi kwamba Rose alikuwa akikamata watoro kwenye vyombo vya dharura. Kimya chake kilizaa uasi.

Dhana nyingine zinazorudi kila mara

Snoke kuuawa bila historia yake kuelezwa kunaitwa uzembe wa uandishi. Mfalme Palpatine naye alitokea kwa muda mfupi tu mwaka 1980, akafa mwaka 1983, na hadithi yake ikaja kuelezwa katika filamu zilizotoka kati ya 1999 na 2005.

Leia kujivuta angani kunaelezwa kama uwezo uliozuliwa ghafla. Mwaka 1980 aliisikia sauti ya Luke aliyekuwa ananing'inia chini ya mji wa mawinguni, na mwaka 1983 kaka yake alimwambia kwamba naye anayo Nguvu. Namna tukio lilivyopigwa ndiyo jambo la kubishania.

Kuhusu wazazi wa Rey, husemwa kwamba Johnson alilifuta jibu ambalo Abrams alikuwa amekwisha kulipanga. Hakukabidhiwa mpango wa filamu zote tatu; aliandika yake wakati ile ya kwanza bado inapigwa. Tena si Kylo peke yake anayetamka jambo lile. Rey ndiye anayelisema kwanza, huku akilia: hawakuwa watu wowote. Filamu ya 2019 ikamfanya mjukuu wa Palpatine, yaani ikarudi kwenye mtoto wa nyoka ni nyoka, ingawa ilijitahidi kuonyesha kwamba Rey anaweza kuukataa ukoo huo. Uamuzi wa 2017 ulikuwa wa kishujaa zaidi, na nasikitika kwamba haukuachwa usimame.

Dhana: Kila mtu aliichukia, na ilianguka sokoni

Iliingiza takriban dola bilioni 1.33 duniani, na hakuna filamu ya 2017 iliyoizidi. Ni kweli ilishuka kutoka zaidi ya dola bilioni 2 za filamu ya 2015, lakini filamu ya katikati ya kila kundi la filamu tatu ilishuka pia mwaka 1980 na mwaka 2002. CinemaScore, inayowauliza watazamaji wanapotoka ukumbini siku za kwanza, iliipa A. Alama ya chini ya watazamaji kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes, karibu asilimia 42, ilitokana na mfumo ambao wakati huo haukudai uthibitisho wa tiketi. Uthibitisho ulianza mwaka 2019.

Upande wa pili nao una dhana yake: kwamba wakosoaji walikuwa akaunti za uongo. Hiyo inatokana na utafiti wa 2018 wa Morten Bay, aliyechambua tuiti 967 zilizoelekezwa kwa Johnson. Karibu moja ya tano zilikuwa za kuipinga filamu, na takriban nusu ya hizo ndizo alizozihusisha na akaunti za kujiendesha, wachokozi au ajenda za kisiasa. Nusu iliyobaki walikuwa mashabiki halisi waliovunjika moyo. Kuwaita hao maroboti ni kuwakosea adabu.

Dhana: Filamu hii ndiyo iliyowaangusha Finn na Rose

Kuhusu Rose, waliomshambulia Kelly Marie Tran, aliyemwigiza, mpaka akafuta picha zake Instagram mwaka 2018 hawakuwa wanakosoa mhusika. Na katika filamu iliyofuata, mhusika huyo aliachiwa dakika moja na ushei tu kwenye skrini.

Kuhusu Finn, safari yake humu ipo. Anaanza akitaka kutoroka ili amwokoe Rey peke yake, anamaliza akikubali kuitwa muasi mbele ya kamanda wake wa zamani. Rose anapomgonga asijitoe mhanga, Poe alikuwa amekwisha kuamuru warudi, na filamu haisemi kama Finn angefanikiwa. Hata hivyo, John Boyega, aliyemwigiza Finn, aliliambia jarida la GQ mwaka 2020 kwamba wahusika wasio Wazungu walitangazwa kama nguzo kisha wakasukumwa pembeni katika mfululizo ule, na ukizitazama filamu zote tatu kwa mfuatano utaona anachokisema. Askari aliyeasi jeshi lililomlea tangu utotoni alikuwa na hadithi kubwa kuliko wote. Humu alipewa nusu yake. Katika filamu ya 2019 anazama mchangani akisema kuna jambo hajawahi kumwambia Rey, na filamu inakwisha bila kutwambia ni jambo gani.