Je, wajua tamasha la filamu za mkanda mdogo linaanzia wapi?

Mtu akitaka kuanzisha tamasha la filamu Dodoma, cha kwanza anachowaza ni ukumbi na projekta. Kwa filamu za kidijitali yuko sahihi. Kwa filamu zilizopigwa kwa mkanda mdogo, wa milimita 8 au 16, kuna swali linalotangulia: mkanda ukishapigwa, nani atausafisha, yaani autie dawa mpaka picha zitokee? Bila jibu la hilo, hata upewe Nyerere Square nzima hutakuwa na cha kuonyesha.

Tuanze na mkanda wenyewe. Majumba ya sinema yalitumia mkanda wa milimita 35, na kwa miaka mingi ulitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoshika moto upesi mno. Kodak walipotoa mkanda wa milimita 16 mwaka 1923 kwa matumizi ya nyumbani, waliutengeneza kwa asetati, ambayo haiwaki kirahisi hivyo. Mwaka 1932 ukaja wa milimita 8, na mwaka 1965 ikaja Super 8: upana ni uleule, ila vitundu vya pembeni vimepunguzwa ili picha ipate nafasi, na mkanda umefungwa tayari ndani ya kaseti ya plastiki. Unapachika, unapiga. Kwetu mkanda mdogo si mgeni. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa kikoloni ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri mkoani Tanga, ulipiga filamu zake kwa milimita 16 na kuzizungusha kwa gari.

Kaseti moja ya Super 8 ina mkanda wa mita 15. Kwa kasi ya picha 18 kwa sekunde inakupa dakika 3 na sekunde 20, yaani picha 3,600, basi. Wengi huona huo ni upungufu. Mimi naona ndiyo bahati ya tamasha changa. Uingereza kuna shindano liitwalo straight 8, lililoanza mwaka 1999, ambalo kila mshiriki hupewa nafasi ya kaseti moja tu, bila kukata wala kuunga. Vipande vinapigwa kwa mpangilio uleule vitakavyoonekana, na mpigaji anaiona filamu yake kwa mara ya kwanza siku ya onyesho, amekaa katikati ya watu. Kanuni hiyo ikiletwa Dodoma inarahisisha mengi. Filamu 20 ni dakika 67 hivi, usiku mmoja unatosha. Kamera chache za kuazima zinaweza kupokezanwa. Na mwanafunzi wa UDOM anaanza sawa na mpiga picha wa harusi mwenye kompyuta ya bei mbaya, kwa sababu hakuna wa kwenda kurekebisha mambo baadaye.

Sasa usafishaji. Mkanda wa rangi unataka dawa zinazokaa kwenye joto lisilopanda wala kushuka, kwa hiyo mwaka wa kwanza ningeuacha kabisa. Mweusi na mweupe unawezekana ndani ya chumba chenye giza totoro. Ipo hata dawa inayopikwa kwa kahawa ya unga inayoyeyuka, sodiamu kaboneti na vitamini C. Ilibuniwa mwaka 1995 katika darasa moja la chuo cha teknolojia cha Rochester, Marekani, vitamini C ikaongezwa baadaye, na inafanya kazi kweli. Lakini dawa hiyo peke yake inakupa nega, ambapo uso wa mtu ni mweusi na kivuli ni cheupe. Ili mkanda wenyewe upite kwenye projekta, lazima usafishwe kwa njia ya kugeuza: unaitoa ile picha ya kwanza kwa dawa, unaupiga mkanda mwanga tena, kisha unausafisha mara ya pili. Suuzo la mwisho liwe la maji yaliyotoneshwa, kwa sababu maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa.

Halafu kukausha, na hapa Dodoma ina mtihani wake. Hewa kavu ya kiangazi inakausha mkanda haraka, lakini upepo unabeba vumbi. Picha ya Super 8 ina upana usiofika milimita 6. Ukiitupa kwenye shuka la mita 3 umeikuza zaidi ya mara 500, hivyo punje ya vumbi ya sehemu moja ya kumi ya milimita inatokea ukutani ikiwa na sentimita 5. Chumba cha kukaushia kipigwe deki, madirisha yafungwe, watu wasiingie na kutoka. Mkanda uliogeuzwa hauna nakala nyingine, kila mkwaruzo ni wa kudumu. Ukaguliwe na kunakiliwa kwenye kompyuta kabla haujagusa projekta.

Sauti haiko kabisa, maana kaseti zinazouzwa leo ni bubu. Mkoa wenye zeze, ilimba na ngoma ya muheme hauna sababu ya kulalamika. Wapiga ngoma wa Chamwino wakae kando ya shuka wapige. Tena nchi hii ilishazoea kina Lufufu, waliosimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili watu wakacheka na kulia. Msimulizi akiwepo, nani atakumbuka kwamba mkanda ni bubu?

Onyesho lifanyike nje, kati ya Julai na Oktoba mvua zikiwa zimekatika, na usiku usio na mbalamwezi, kwa sababu taa za projekta hizi nyingi ni za wati 100 hivi tu. Kibali cha Bodi ya Filamu kiombwe mapema. Kaseti zikiletwa kwa ndege, wahusika waombwe kuzikagua kwa mkono, maana miale ya mashine za mizigo inaunguza mkanda. Zigawiwe mvua zinapoisha, zirudi mwishoni mwa Mei, na Juni yote iwe ya kusafisha. Bango lenye tarehe lichapwe baada ya mkanda wa kwanza kutoka salama kwenye dawa.