Ile helikopta haikuanguka, ilipinduka

Juzi kijiweni kwetu hapa Majengo, Moshi, simu moja ilizunguka kwa watu saba kabla kahawa haijapoa. Ndani yake kuna helikopta ndogo ya mafunzo, huko ughaibuni, ya viti viwili: mwalimu na mwanafunzi. Inajiinua kidogo, inayumba, mguu mmoja unanasa kwenye majani, na kufumba na kufumbua iko ubavu, mapanga yamekatika vipande. Wale wawili wanatoka wakitambaa, wazima. Chini ya video mtu kaandika kwamba helikopta imeanguka kwa kukosa nguvu. Kijiwe kizima kikaitikia: eeh, imekosa nguvu.

Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza, maana si mara ya kwanza.

Kwa kifupi, kile ni kupinduka. Helikopta inapinduka pale inapotaka kuruka au kutua huku mguu wake mmoja, yaani kimoja kati ya vile vyuma viwili virefu vya chini, umeshikwa na kitu: mzizi, tope, jiwe, ukingo wa saruji. Mguu ulioshikwa unageuka bawaba, na mwili mzima unabiringika juu ya bawaba hiyo. Maana yake ndiyo hiyo, haina zaidi.

Sasa hilo neno "kuanguka". Najua tunasema lori limeanguka Njiapanda, na hakuna anayeuliza limeanguka kutoka wapi. Lori halina juu pa kutokea, kwa hiyo tunaelewana. Helikopta inaweza yote mawili, na ukichanganya unaharibu habari. Kuanguka kunataka kimo, na msikilizaji akisikia kimo anatafuta kilichokatika huko juu: injini, mafuta, nguvu. Ile ya kwenye video haikuwa na kimo hata cha kuku kupita chini yake.

Kupinduka ni mtoto wa "pinda". Pinda, pindua, pinduka, mpaka mapinduzi yale ya Zanzibar ya Januari 1964: kilichokuwa juu kikawa chini. Mababu wa pwani walilitumia kwa chombo baharini, na hakuna nahodha aliyesema jahazi limeanguka. Tena jahazi hupinduka tanga likiwa limejaa upepo, halipinduki kwa kukosa upepo.

Na hiyo ndiyo siri ya ile helikopta. Ilipinduka kwa sababu nguvu ilikuwepo.

Hapa lazima nigombane kidogo na neno jingine, panga. Tumezoea kuita zile za juu mapanga, nadhani kwa sababu ya panga boi la darini. Lakini panga hukata, na feni husukuma upepo. Mtu akifikiri hivyo hataielewa helikopta. Jina lenyewe linasema. Mfaransa Gustave Ponton d'Amécourt alilitunga mwaka 1861 kwa kuunganisha maneno mawili ya Kigiriki, heliko, la kitu kinachojizungusha kama skrubu, na pteron, bawa. Kwa hiyo mkato wake ni heliko na pta, si heli na kopta kama wengi wanavyodhani. Ni bawa linalozunguka.

Na bawa lile huvuta kuelekea juu ya kichwa cha helikopta, si juu mbinguni. Helikopta ikilala upande, mvuto huo wa bawa nao unalala upande. Mwanafunzi anaona anainama, moyo unamruka, mkono wake wa kushoto unavuta wenzo wa kupandishia ili aondoke pale chini haraka. Ndiyo anajimaliza. Kila anapoongeza, bawa linazidi kumbiringisha. Dawa ni kuushusha wenzo ule taratibu, kitu ambacho mwili wa binadamu mwenye hofu haukitaki kabisa. Zikishapita nyuzi chache za mlalo, hata mwalimu mwenye usukani wake hapo pembeni hawahi. Ni suala la sekunde moja au mbili.

Mzee mmoja pale kijiweni alinielewa nilipomwambia habari ya mbuzi aliyefungwa mguu kwenye kigingi. Anaona majani mabichi, anaruka kwa nguvu zote, kamba inamkata, anatua ubavu. Utasema mbuzi yule hana nguvu? Angekuwa dhaifu angebaki amesimama.

Hata ile ya injini kuzimika angani watu wanaikosea. Helikopta haidondoki kama embe. Inaposhuka, hewa inayotoka chini huendelea kulizungusha bawa, na rubani aliyefunzwa hutua nayo. Somo hilo nalo hufundishwa, ila ni somo jingine na lina ajali zake.

Kwa hiyo, kaka uliyesambaza ile video, sina ugomvi na wewe. Badilisha neno moja tu, andika imepinduka, na hayo ya kukosa nguvu uyafute. La bawa sikulazimishi. Mimi mwenyewe joto likizidi nyumbani nasema washeni panga boi.