Je, wajua kwa nini wengi wa mashariki mwa Ujerumani huishi bila dini?

Martin Luther alizaliwa Eisleben mwaka 1483, na mwaka 1517 akiwa Wittenberg aliandika hoja zilizoanzisha Matengenezo ya Kanisa. Miji hiyo miwili imo katika jimbo la Sachsen-Anhalt, ambako leo wakazi wengi hawana kanisa wala dini yoyote. Wengi wao hawakuiasi imani, kwa kuwa hawakulelewa nayo.

Mwaka 1950, mwaka mmoja tu baada ya Ujerumani Mashariki kuundwa, takriban watu tisa katika kila kumi walikuwa washirika wa makanisa. Chama tawala cha kikomunisti hakikuyafunga makanisa hayo, bali kiliulenga umri wa miaka 14, ambao ndio umri wa kipaimara kwa Walutheri. Kuanzia mwaka 1955 kilieneza Jugendweihe, sherehe ya kumwingiza kijana utu uzimani, ambayo chimbuko lake ni vikundi vya watu wasiofuata kanisa vya karne ya 19. Kijana alikula kiapo cha kuutumikia ujamaa, akakabidhiwa maua na kitabu, kisha jamaa wakamfanyia karamu nyumbani. Aliyekataa aliweza kunyimwa nafasi ya kuendelea na masomo hadi chuo kikuu, na kwangu mimi, mzazi aliyekubali kwa kuhofia elimu ya mwanawe hastahili lawama.

Hata hivyo, shuruti haielezi yote. Mwaka 1989 maandamano ya kuupinga utawala huo katika mji wa Leipzig yalianzia kwenye sala za amani za kila Jumatatu katika Kanisa la Mtakatifu Nikolao, utawala ukaanguka, lakini watu hawakurudi ibadani. Imani hujengwa utotoni, kwa sala ya kabla ya kula na nyimbo za bibi, na mtoto ambaye wazazi wake wenyewe hawakuvipata vitu hivyo hana pa kurejea.

Kilichobaki ni sherehe. Kiapo kimeondolewa, hakuna tena anayelazimishwa, na waandaaji ni vyama vya kiraia, lakini maelfu ya familia bado huiadhimisha kila masika. Aliyekulia penye jando na unyago ataelewa sababu bila kufafanuliwa: kijana huitwa jukwaani kwa jina lake, babu na bibi wakiwa wamesafiri kuja kumwona, naye huteremka akihesabiwa miongoni mwa watu wazima.