Opsheni za kizuizi: bei ikishagusa, imegusa

"Mwalimu, si bei imesharudi?" Swali hili nimeulizwa na wateja hadi nimelichoka, na kila anayeuliza huwa ameshika opsheni iliyokwisha kuzimwa. Opsheni ni mkataba unaokupa haki, si lazima, ya kununua au kuuza kwa bei mliyokubaliana; yenye kizuizi huongezewa bei nyingine ambayo, ikiguswa, mkataba huzimwa, yaani hufa, au huwashwa, yaani ndipo huanza kufanya kazi. Anatazama chati, anaona Bitcoin imerejea upande alioutaka, basi anaamini na mkataba wake umefufuka. Haujafufuka.

Kizuizi cha kuzima kinachofuatiliwa muda wote hakijali bei ilikaa pale kwa dakika ngapi, wala siku ilifungia kwenye bei gani. Chukua 19 Mei 2021. Bitcoin ilianza siku ikiwa karibu dola 43,000, ikaporomoka hadi jirani na 30,000, kisha ikamaliza siku karibu na 37,000. Aliyekuwa na opsheni ya kununua yenye kizuizi cha chini cha 32,000 alibaki mikono mitupu siku hiyohiyo, na kule kupanda tena kwa jioni hakukumhusu hata kidogo. Na soko hili halina Jumapili: unaweza kuzimiwa opsheni usingizini.

Wapo wanaokiita kizuizi "amri ya kukata hasara ya bure", yaani kama ile amri ya kuuza bei ikishuka hadi kiwango ulichopanga. Wapi! Ukikata hasara unauza kilichobaki na kuondoka na chochote. Opsheni ikizimwa, ada yote uliyolipa imekwenda, isipokuwa mkataba uwe umetaja fidia, na mingi haitaji.

Kinachoniudhi zaidi ni kizuizi kilichowekwa upande wa faida. Tuseme umenunua opsheni ya kununua kwa bei ya utekelezaji (bei mliyokubaliana utanunulia) ya 60,000, kizuizi cha kuzima kikiwa juu, 75,000. Muda ukiisha bei ikiwa 74,900 na haijawahi kugusa kizuizi, unapata 14,900. Ikigusa 75,000 mara moja tu njiani, unapata sifuri, ingawa ulibashiri kwa usahihi kwamba bei itapanda. Mteja husikia "nafuu" na kusaini. Unafuu huo si punguzo: ukinunua opsheni inayozimwa pamoja na inayowashwa, zote za kizuizi kimoja, bei moja ya utekelezaji na tarehe moja, bila fidia, umepata opsheni ya kawaida kamili. Kwa hiyo umelipa kidogo kwa sababu umenunua kipande. Mimi huwaambia wanunue opsheni ya kununua ya 60,000 na wauze ya 75,000. Ni ghali kuliko ile ya kizuizi, lakini muda ukiisha bei ikiwa 80,000 unachukua 15,000 zako (20,000 za uliyonunua, ukitoa 5,000 unazodaiwa kwa uliyouza), na hakuna wa kukuzimia.

Halafu kuna wanaodhani kizuizi huangaliwa kwenye programu yao ya simu. Kinachoangaliwa ni chanzo cha bei kilichoandikwa kwenye mkataba, na hapo ndipo watu hawasomi. Tarehe 21 Oktoba 2021 Bitcoin ilianguka kwa muda mfupi hadi karibu dola 8,200 katika soko la Binance.US, huku masoko mengine yakiwa juu ya 60,000. Mkataba unaosoma soko hilo peke yake ungezimika. Unaosoma faharasa, yaani bei moja inayokokotolewa kutoka masoko kadhaa, inayotupa bei zilizopotoka, ungeendelea. Ukiletewa mkataba wenye chanzo kimoja, urudishe. Vilevile si kila kizuizi huangaliwa muda wote: vingine hukaguliwa mara moja kwa siku, vingine siku ya mwisho tu.

Yapo na mengine ninayoyasikia kwa wateja. "Kizuizi kitaizuia bei isishuke." Hapana. Ni sharti kwenye karatasi yako, soko halikijui.

"Soko likiyumba zaidi, opsheni yangu inapanda thamani." Kwa opsheni ya kawaida uliyoinunua, ndiyo. Kwa ile ya 60,000 yenye kizuizi cha 75,000, bei ikiwa imekaribia juu, kuyumba zaidi kunaongeza uwezekano wa kuzimwa, na thamani inashuka.

"Nyangumi walinizima makusudi." Nyangumi ni wale wenye Bitcoin nyingi mno. Huenda kuna wanaojaribu, na muuzaji wa opsheni naye hununua na kuuza kwa wingi bei inapokaribia kizuizi ili ajikinge, jambo linaloweza kuitikisa bei. Ila mara nyingi nikiufungua mkataba nakuta kizuizi kiliwekwa asilimia tatu tu kutoka bei ya siku hiyo. Bitcoin hutembea asilimia tatu kabla ya chakula cha mchana.