Mdachi ni Mjerumani, sio Mholanzi

Juzi kijana mmoja, mdogo wangu kabisa, kanieleza kwa kujiamini kwamba Pangani ilipigwa na Waholanzi. Nikamuuliza umeyatoa wapi haya, akasema kwenye utenzi wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, ule wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, si wameandika Wadachi humo, na Dachi si ndo Dutch? Na sio yeye wa kwanza, nimeshalisikia hili mara nyingi mno.

Kwa kifupi, Mdachi kwa Kiswahili cha pwani ni Mjerumani na Kidachi ni Kijerumani. Dutch ya Kiingereza ni Mholanzi, au Kiholanzi. Maana ndo hiyo.

Kinachoniuma ni watu kudhani wazee wetu walichanganya mambo. Hawakuchanganya kitu, hilo neno lina safari ndefu. Zamani sana, kabla lugha za Kijerumaniki (ukoo wa Kijerumani, Kiholanzi, Kiingereza na wenzao) hazijaachana, kulikuwa na neno ambalo wataalamu wanalijenga upya kama theudo, maana yake watu, kabila. Kwenye Kiingereza cha kale likawa theod, Wagothi wakasema thiuda, na Iceland mpaka leo wanasema þjóð kwa maana ya taifa. Ukilipachika kiambishi linakuwa "-a watu", yaani lugha ya watu, ile ya nyumbani na sokoni, sio Kilatini cha mapadri. Sisi tungesema kilugha. Na hata Bantu si ni watu tu?

Sasa hapa ndo pananifurahisha. Mwaka 786 Papa Hadrian I alipelekewa taarifa ya mikutano ya kanisa iliyofanyika Uingereza, na imeandikwa humo kwamba maazimio yalisomwa kwa Kilatini na kwa theodisce ili kila mtu aelewe. Hiyo ni moja ya mara za mwanzo kabisa neno hili kuonekana kwenye maandishi, na theodisce ya siku hiyo ni Kiingereza cha kale! Sio Kijerumani wala Kiholanzi, ni lugha ya waliokuwepo pale, basi.

Baadaye kila mtu akalivutia kwake. Wajerumani wakabaki nalo, Deutsch, na Waswidi, Wanorwe na Wadenmarki wanawaita tysk, ni lilelile. Waholanzi nao zamani waliita lugha yao Dietsch au Duutsch, leo wanaiita Nederlands, na ukimwambia Mholanzi Duits anaelewa Kijerumani, ingawa wimbo wao wa taifa bado unamwimba Wilhelmus kuwa ni wa "Duitsen bloed", yaani damu ya Duits. Waingereza ndo walioipeleka Dutch upande mwingine. Mwanzoni walimwita hivyo yeyote wa Ujerumani au Uholanzi, wakawa na High Dutch (wa nchi za juu) na Low Dutch (wa nyanda za chini), halafu kwenye karne ya 17, wakiwa wanafanya biashara na kupigana baharini na majirani zao Waholanzi, jina likawabania hao peke yao. Mabaki yapo Marekani, wale wanaoitwa Pennsylvania Dutch asili yao ni wasemaji wa Kijerumani, sio Uholanzi.

Kwahiyo Mdachi, Deutsch, Dutch na Duits wote wametoka tumbo moja, ila undugu wa neno haufanyi maana iwe moja. Bibi yangu Tanga alikuwa akisema "wakati wa Mdachi" akiwa ananyoosha kidole kwenye jengo la zamani la mawe, na hakuna mtu pale barazani aliyewaza Amsterdam.

Basi mdogo wangu, ukikuta Wadachi kwenye tenzi na habari za Abushiri na vita vya 1888, soma Wajerumani. Na ukiwa unatafsiri ukakutana na Dutch, andika Kiholanzi tu, maana ukiandika Kidachi mzee wa Pangani atakuelewa vingine kabisa, na atakuwa sahihi.