Msiniombe niongeze sauti ya mashine

"Mashine ya mtoto iongezwe sauti, darasani hasikii." Karatasi zenye maneno haya zinanifikia mimi ninayewarekebishia watoto mashine za kusaidia kusikia hapa Moshi, kila shule zikifunguliwa, na wiki hii imekuja nyingine. Naomba walimu na wazazi mnisikilize, kwa sababu mtoto ndiye anayeumia.

Fanyeni hesabu. Sauti ya mwalimu anayefundisha ni kama desibeli 65 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ukiwa mita 1 kutoka mdomoni mwake. Umbali ukizidi mara mbili, zinapungua kama 6: mita 2 ni 59, mita 4 ni 53. Mwangwi wa kuta unarudisha kidogo, ila unairudisha ikiwa imevurugika. Sasa chukua darasa lililojaa, madirisha wazi, bodaboda zinapita, darasa la jirani wanaimba tebo. Tuseme kelele ni desibeli 60. Aliyekaa nyuma, mita 4 hivi, anaipata sauti ya mwalimu ikiwa chini ya kelele kwa desibeli 7. Haya, naongeza 20 kama mnavyotaka: mwalimu 73, kelele 80. Pengo ni lile lile 7! Tofauti ni kwamba sasa kichwa kinamuuma, anaivua mashine na kuitia mfukoni. Mtoto huyu anahitaji sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa desibeli 15 hivi. Masika yakianza kupiga bati, hata wenye masikio mazima hawaambulii kitu.

"Mbona nyumbani nikimwita anageuka?" Anageuka kwa sababu nyumbani kumetulia, na jina lake analijua. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Seli za nywele, yaani seli zenye vijinywele, kwenye sikio la ndani haziishii kupokea sauti, zinaichambua pia, zinatenganisha masafa yanayokaribiana (masafa ni wembamba au uzito wa sauti). Zikishakufa, sauti ya mwalimu na ya mwanafunzi wa pembeni zinafika zimeshikana. Mashine inakuza kinachoingia. Kazi ya uchambuzi iliyopotea haiwezi kuirudisha.

Halafu kuna konsonanti. Irabu zina nguvu, lakini s, f na sh ni dhaifu na ziko masafa ya juu, kwa hiyo kelele inazimeza kwanza. Mtoto anabaki na "i-i": ni sisi au fisi? Anabaki na "o-a": mwalimu kasema soma, choma au shona? Mimi na wewe tunajaza pengo kwa sababu lugha tunayo. Aliyevaa mashine kwa mara ya kwanza akiwa na miaka minne, tena nyumbani kwao wanaongea Kichaga, atajaza kwa kitu gani? Uwezo wa kufuata maneno katikati ya maneno ya watu wengine unaendelea kukua mpaka ujanani, hata kwa wanaosikia vizuri. Kisha mtoto huyo anaandikiwa "mzito kuelewa". Inanikasirisha sana.

Mashine za kisasa zina programu ya kupunguza kelele. Huwa naiwasha kwa sababu inampunguzia mtoto uchovu, lakini sitarajii imfanye aelewe maneno zaidi. Zipo pia maikrofoni zinazolenga mbele. Hizo zinasaidia kweli, ila mwalimu awe karibu, na mtoto awe amemwelekea. Kwa watoto wadogo bado nasita. Hawageuki kila mara kumtazama anayeongea, na maneno mengi wanayaokota pembeni, mama na shangazi wakiongea jikoni. Nikiziba pembeni, namnyima hayo. Wenzangu wengine wanaziwasha mapema, na hoja zao zina uzito. Mimi huwa nasubiri.

Kile kipande cha sikioni nitakigusa tu: mtoto anakua, kipande kinalegea, mashine inapiga filimbi. Mleteni kitengenezwe kingine.

Kinachoziba pengo ni kupunguza umbali. Mkalisheni mbele, mbali na dirisha la barabarani. Pakipatikana maikrofoni ya mwalimu inayorusha sauti moja kwa moja kwenye mashine, ivaliwe kifuani, sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, na izimwe mwalimu akienda kuongea na wenzake ofisini. Mwanafunzi mwingine akijibu swali, apewe yeye maikrofoni, au mwalimu arudie jibu lile kwa sauti yake kabla ya kuendelea.