Saa ya mfukoni ya Kimarekani kuhamia mkononi: kichwa kibaki kwenye namba 12

Ukipitia minada ya mtandaoni utakuta mashine (mitambo ya ndani) za saa za viwanda vya Marekani vya Waltham, Elgin, Illinois na Hamilton zikiuzwa uchi, bila kasha. Sababu kubwa ni dhahabu. Mwaka 1980, bei ya wakia moja ilipofika dola 850, watu wengi waliona kasha lina thamani kuliko saa yenyewe. Makasha yakayeyushwa, mashine zikatupwa kwenye madroo. Hizo ndizo ninazofanyia kazi: nazitengenezea kasha jipya la kuvaliwa mkononi. Saa nzima, yenye kasha lake la asili, siigusi. Mteja akiniletea ya babu yake niikate, namsafishia, natia mafuta, namrudishia.

Kwanza soma namba iliyochongwa kwenye mashine. Kwa namba hiyo utajua mwaka na daraja lake, kwa kuwa majedwali ya viwanda hivi yapo na yanapatikana bure. Namba ya kasha haikusaidii. Zamani mnunuzi Marekani alichagua mashine dukani, kisha akachagua kasha kutoka kwa mtengenezaji mwingine kabisa, na muuzaji akaviunganisha. Iliwezekana kwa sababu vipimo vilikuwa vya pamoja: saizi 12 ni karibu milimita 40, saizi 16 milimita 43, saizi 18 karibu 45. Hapo ni mashine peke yake. Ongeza kasha na utaona kwa nini saizi 18 mkononi ni mzigo. Mimi huishia 16.

Sasa tuje kwenye jambo linalobishaniwa na mafundi: kichwa cha kutilia ufunguo, yaani kile kitufe cha kuzungusha kwa vidole, kikae wapi?

Saa ya mfukoni yenye uso wazi ina kichwa kwenye 12 na mshale wa sekunde kwenye 6. Ile yenye mfuniko wa mbele ina kichwa kwenye 3, kama saa za mkono tulizozoea. Wengi hutaka ya pili kwa sababu hiyo. Wakipata yenye uso wazi, huizungusha mpaka kichwa kije kulia, sekunde zikahamia kwenye 9, halafu wanatengeneza uso mpya kwa kuwa ule wa asili haukai tena sawa. Kwa maoni yangu hapo wamepoteza vitu viwili. Cha kwanza ni uso wa enameli, ambao baada ya miaka mia bado ni mweupe pe.

Cha pili hakionekani. Mashine nzuri za wakati ule zimechongwa maneno yanayosema zimerekebishwa zitunze majira katika mikao mitano: uso juu, uso chini, kichwa juu, kichwa kushoto, kichwa kulia. Mkao wa sita, kichwa chini, kiwanda hakikushughulika nao, maana nani abebe saa mfukoni miguu juu? Sasa vaa saa mkono wa kushoto, kichwa kikiwa kwenye 3, halafu uache mkono uning'inie. Kichwa kinatazama ardhini. Umeiweka mashine kwenye mkao uleule ambao hakuna aliyeurekebisha, tena kwa saa nyingi za siku. Kichwa kikibaki kwenye 12, mkono ukining'inia kitatazama pembeni, na huo ni mkao mmojawapo wa ile mitano. Sura yake ni ya ajabu kidogo, nakubali, lakini saa inatunza majira.

Mashine za reli zina mkasa wake. Baada ya treni mbili kugongana Kipton, Ohio, Aprili 1891, Webb C. Ball, sonara na muuza saa, alipewa kazi ya kusimamia saa za wafanyakazi wa reli, na masharti yakazidi kukazwa: uso wazi, vito (vijiwe vigumu vya kupunguza msuguano) 17 au zaidi, isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa wiki. Tena mishale isirekebishwe kwa kuvuta kichwa, isije ikasogea kwa bahati mbaya. Lazima ufungue fremu ya kioo na kuvuta wenzo mdogo uliofichwa chini yake. Ni usalama mzuri kwa dereva wa treni, ila kwa mtu wa ofisini ni karaha, na kila ukifungua kioo unakaribisha vumbi. Kwa hiyo simshauri mteja wa kwanza achukue mashine ya reli. Elgin au Waltham ya vito 15 au 17, ya kurekebisha kwa kichwa, inamtosha na bei yake ni nafuu.

Kazi inayochosha ni kijiti cha ufunguo, kile kinachounganisha kichwa na mashine. Kwenye nyingi ya mashine hizi kijiti ni mali ya kasha. Mashine ina tundu la mraba tu, na shingo ya kasha ndiyo yenye kibomba cha springi kinachokikamata kikisukumwa au kikivutwa. Ukiitoa mashine kwenye kasha, yenyewe inahamia hali ya kurekebisha mishale, na fundi mgeni atadhani imeharibika. Kwa kasha jipya lazima nikereze shingo yenye nafasi ya kibomba hicho. Kijiti kikiwa kifupi, ukitia ufunguo mishale ndiyo inayozunguka. Kikiwa kirefu, mishale haigusiki.

Halafu kuna mizani, gurudumu linaloyumba huku na huku kupimia muda. Ncha za mhimili wake ni nyembamba kama unywele, na hazina kinga ya mshtuko kama saa za leo. Kabla ya lolote ilaze mashine chali, kisha kifudifudi. Mizani ikiyumba kwa nguvu katika mlalo mmoja na kuchoka katika mlalo wa pili, mara nyingi ncha moja imebonyea au kito kimepasuka. Nasema mapema kwa wateja: usipige nayo nyundo, usiendeshe nayo pikipiki, usiilaze karibu na spika. Springi za chuma zinashika sumaku upesi, na kwa walio Mombasa au Tanga, jasho na hewa ya chumvi ni kutu.

Kuhusu sheria, Hamilton iliishtaki Vortic ya Fort Collins, Colorado, inayofanya kazi hii hii, kwa sababu jina la Hamilton lilionekana kwenye mashine na uso. Vortic ilishinda mwaka 2020, na rufaa ikatupwa 2021. Kilichoiokoa ni kueleza wazi kipi cha zamani na kipi kipya. Nami huchonga mfuniko wa nyuma hivyohivyo: mwaka wa mashine, maneno “kasha jipya”, na jina langu.